UZI: Unataka kujitolea kulinda kasa na bahari? Soma hapa kabla hujafunga begi

Mkaa Diko (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Inboksi yangu imejaa vijana wanaouliza namna ya kuwa voluntia kwenye mambo ya bahari, mara kasa, mara papa potwe, mara matumbawe, nikimjibu mmoja anakuja mwingine na swali lile lile, kwa hiyo naandika hapa mara moja kila mtu asome. Mimi nimefanya hizi kazi upande wa Mafia na Kigamboni, sio bosi wa shirika lolote na sina nafasi za kugawa, msije mkaanza kuniandikia CV.

Niseme kwanza jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mtu anayeamua kasa aishi au afe ni mvuvi aliyemkuta kwenye jarife lake (wavu wa kutegesha) saa kumi alfajiri huko nje, na saa hiyo wewe voluntia umelala. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kumfanya yule mvuvi asipate hasara akimwachia. Ukilielewa hilo mengine yote yatakaa sawa, usipolielewa utakuja na fulana mpya, utapiga picha na kitoto cha kasa kiganjani, utaondoka na kijiji kitabaki kama ulivyokikuta.

Haya, kazi yenyewe ikoje. Ukipangiwa viota unatembea ufukweni usiku na alfajiri, hasa maji yakiwa yamejaa maana kasa anapanda na maji. Tochi nyeupe hapana, ukitumia basi iwe nyekundu na uwashe kwa kuiba, kwasababu kasa jike akiona mwanga anageuza anarudi baharini na mayai yake tumboni. Unatafuta mburuzo mchangani. Kasa wa kawaida anavuta makasia yote mawili, yaani mapezi yake ya mbele, kwa pamoja kwa hiyo alama za kushoto na kulia zinalingana, na njia yake ni pana karibu mita moja. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, anatembea kwa kupishanisha, alama zake zinapishana na njia ni nyembamba zaidi. Wazee wa kule hata hawainami, anaangalia tu akiwa amesimama anakwambia huyu kapanda, huyu hakutaga, karudi.

Kiota kikiwa juu salama kinaachwa kilivyo, kinawekewa alama na kuandikwa kwenye daftari. Kikiwa chini ya mstari wa maji ya bamvua, yale maji makubwa kabisa, lazima kihamishwe la sivyo mayai yanazama yanakosa hewa. Na hapa ndo wengi wanaojifanya wajuzi wanaua bila kujua. Yai linahamishwa usiku ule ule, saa chache baada ya kutagwa, na linabebwa jinsi lilivyolala, hulipindui wala hulitikisi, maana baada ya muda kile kitoto kinachoanza kukua kinajishikiza juu kwenye ganda, ukigeuza umekimaliza. Shimo jipya linachimbwa kwa mkono, shingo nyembamba na chini pana kama chungu, kina kile kile cha mwanzo. Mayai yanakuwa mia na kitu kwa kiota. Unayahesabu gizani kwa vidole, mgongo unauma, mbu wanakula shingo.

Baada ya hapo ni kusubiri siku kama 55 hadi 60, wakishatoka unangoja siku chache unafukua, unahesabu maganda matupu, mayai yaliyoharibika, na wale waliokwama chini ambao bado wazima unawatoa. Harufu ya mayai yaliyooza sitaielezea, mtakutana nayo.

Karibuni maswali. Na wale wa pwani mnaojua zaidi yangu ongezeni.

Graduate Mtaani

Mkuu asante kwa uzi, nimemaliza chuo mambo ya mazingira nipo tu nyumbani. Swali langu fupi, posho ipo? Au ndo unajitolea mpaka unaanza kula mayai ya kasa mwenyewe 😂

Mkaa Diko

Hahaha usije ukala, faini yake hutaiweza. Nikujibu ukweli. Mashirika mengine yanatoa nauli na chakula, mengine hayatoi hata maji. Uliza kabla hujaenda na uombe iandikwe, hata kama ni kwenye wasapu, nani analipa nauli, unalala wapi, ukiumwa nani anakupeleka hospitali. Usione aibu eti utaonekana unapenda hela. Kuna shirika moja silitaji liliniweka msimu mzima kwa ahadi ya kifuta jasho, siku ya kuondoka nikapewa cheti na fulana saizi ya mtoto.

Ila jua kwamba pale kijijini kuna watu wanalipwa na ni haki yao. Shirika la Sea Sense wako kwenye hii kazi tangu 2001 na utaratibu wao mimi naukubali, mwanakijiji akionyesha kiota anapewa kitu kidogo, halafu vitoto vikitotoka salama anapewa kingine kulingana na matokeo. Yule aliyekuwa anafukua mayai akakaange sasa ndo mlinzi wake. Na sehemu zenye kiota karibu kutotoa, kama Kisiwa cha Juani kule Mafia au Madete upande wa Saadani, watalii wanaingia kuangalia vitoto vikitoka na sehemu ya kiingilio inabaki kijijini. Hiyo inafanya kazi kuliko semina mia.

Bint Chakechake

Assalaam alaykum. Mie natokea Pemba, nnataka nyote mlisome hili vizuri, maana watu wa bara mkisikia kasa mnafikiri ni habari za watalii tu.

Novemba 2021 kisiwani kwetu walikufa watu saba kwa kula nyama ya kasa. Machi 2024 Kisiwa Panza wakafa tisa, wanane katika hao ni watoto, na waliolazwa ni 78. Si kwamba nyama ilikuwa mbovu. Kasa baadhi yao wanakuwa na sumu ndani ya nyama, wanasema inatokana na vitu wanavyokula kule baharini, na huwezi kuijua kwa kuangalia, haina harufu wala ladha ngeni, na kuchemsha hakuiondoi. Mtu mzima anaweza akaumwa akapona, mtoto ndiye yumo hatarini zaidi, na mama anayenyonyesha anaweza kumpitishia mtoto kwenye maziwa.

Kwa hiyo mkija kujitolea Pemba msianze na hotuba ya "viumbe walio hatarini". Mtu ana njaa, leo kasa amejileta mwenyewe kwenye wavu, kilo ngapi hizo, wewe unamwambia habari za dunia? Anzeni na watoto wetu. Mie mwenyewe nilikaa na mama mmoja skuli kwenye mkutano wa wazazi, maafisa wawili walishaongea kuhusu sheria na faini yeye anasinzia, ilipofika hapo kwenye maziwa ya mama akaamka akauliza maswali mpaka mkutano ukachelewa kufungwa. Kwetu nyama ya kasa inagawiwa mtaa mzima, ni ukarimu, ndio maana ikitokea balaa linaingia nyumba nyingi kwa pamoja.

Mkaa Diko

Dada umemaliza. Hii comment naomba mods muibandike juu.

Msee wa Kilifi

Sasa wadau, niko Kilifi huku, niwaongezee ya Kenya. Watamu kuna hawa watu wa shirika la Local Ocean, walianza 1997, na mpango wao mkubwa ni ule wa wavuvi kupiga simu. Mvuvi akipata kasa kwa nyavu hamrudishi hivi hivi wala hamchinji, anapiga simu, wanakuja na gari, wanampima urefu wa gamba, wanamwangalia kama ana kidonda au ndoano, anawekwa namba kwa kasia halafu anaachiliwa. Mvuvi anapewa kitu cha kumfidia muda na hiyo simu aliyopiga. Si bei ya kasa, hilo wanalikazia sana, kwa sababu ukianza kununua kasa watu wataanza kumvua kusudi.

Wale wagonjwa wanabaki kliniki. Kuna wale tunaita wa kuelea, kasa amekula plastiki imeziba matumbo, gesi inajaa ndani, anaelea matako juu hawezi kupiga mbizi, sasa hawezi kula na jua linamchoma gamba. Anapewa dawa ya kuharisha siku kadhaa mpaka atoe. Mimi nimeona kile kilichotoka, vipande vya mfuko, kamba ya nailoni, kitu kama kifuniko cha chupa. Voluntia ndiye anayebadilisha maji ya tenki na kuosha, kila siku, hiyo kazi haina glamor yoyote aki.

Na wengine wana yale mavimbe shingoni na machoni, makubwa kama koliflawa, ni ugonjwa wa virusi, wanafanyiwa upasuaji. Voluntia hagusi hapo, anashika tu taa.

Mzee wa Hoja

Naona mnapongezana tu humu ngoja nilete upande wa pili. Moja, Oktoba 2025 hao hao IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi, wametangaza kasa wa kawaida, yule wa kijani, si wa hatarini tena, ametolewa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka akapelekwa kundi la wasio na wasiwasi. Sasa mbona bado mnamlilia? Mbili, hii miradi kila siku inamlaumu mvuvi mdogo wa ngalawa wakati meli kubwa za kigeni huko nje zinachota. Tatu, mzungu anatoa maelfu ya dola aje "kujitolea" wiki mbili, hela inaishia wapi? Nijibuni kwa hoja sio kwa mihemko.

Mkaa Diko

Mzee wangu hoja zako nazipokea zote.

La kwanza ni kweli, wametangaza, na ni habari njema sana. Lakini jiulize imekuwaje. Idadi imepanda duniani kwasababu kwa miaka mingi watu wamelala ufukweni kulinda viota, biashara ya nyama na magamba ikapigwa marufuku, nyavu zikabadilishwa. Ukimlinda mtu nyumba yake isiibiwe halafu ukaona haijaibiwa, unamfukuza mlinzi? Halafu hiyo ni hesabu ya dunia nzima, kuna maeneo bado wako chini sana. Na ng'amba hajatoka popote, yuko kundi la hatari kubwa kabisa mpaka leo, huyo walimmaliza kwa ajili ya gamba lake, vitana, bangili, miwani.

Na kuna jambo jingine la joto. Jinsia ya kasa inaamuliwa na joto la mchanga, kwenye nyuzi 29 hivi wanatoka nusu kwa nusu, joto likipanda wanatoka majike. Kaskazini mwa Australia utafiti uliotoka 2018 ulikuta kasa wadogo wa fukwe za joto zaidi ya 99 kwa 100 ni majike. Sasa huku kwetu mwekezaji anakata mivinje na mikadi yote ya ufukweni ili hoteli ionekane vizuri, mchanga unakaa juani kutwa. Kupigania ule mti usikatwe ni kujitolea pia, na hakuna anayekupiga picha.

La pili nakubaliana na wewe asilimia mia, sina la kuongeza.

La tatu namuachia mwingine maana nikianza nitatukana.

Nahodha wa Kilindoni

Mimi nijibu la tatu na la pili kwa pamoja, mimi ni mvuvi sio msomi.

Wageni wa kulipa wanakuja kwetu kwa papa potwe, msimu ni kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi. Huyu samaki ndo mkubwa kuliko wote duniani lakini hana neno, anakula vidagaa na vidudu vya majini, na kwetu anakuja jirani kabisa na Kilindoni maana anafuata dagaa na sisi tunafuata dagaa, kwa hiyo tunakutana. Zamani tulimwona mkosi, anaingia kwenye wavu anauchana. Siku hizi tunamfungulia chini wavu apite, kwasababu vijana wetu wanaendesha boti za watalii wanakula kwa ajili yake. Kwa hiyo hela nyingine inafika, nisiwe mnafiki. Lakini hao wa kujitolea wa wiki mbili wengi kazi wanayofanya kijana wa hapa angefanya vizuri zaidi kwa robo ya hela yake, na Kiswahili anajua. Mgeni mwenye ujuzi tunaomtaka ni daktari wa wanyama, fundi wa injini, mtu wa kufundisha kutumia kompyuta. Huyo aje hata kesho.

Sasa nyie vijana wetu sikilizeni. Kasa akiingia kwenye jarife hatulii, anajiviringisha, mpaka unamfikia ameshajifunga makasia na shingo. Kumtoa mzima unakata macho ya wavu. Kila jicho ulilokata utalishona, unakaa chini ya mkungu na sindano na uzi wa nailoni siku nzima hujaenda baharini. Uzi unanunua mwenyewe. Ndo maana mtu anaona bora ampige rungu yaishe. Alikuja kijana mmoja hapa voluntia, kimya kimya, hana fulana ya maandishi, akakaa na sisi akafundishwa kushona. Mwanzo mafundo yake yalikuwa yanateleza tunamcheka. Baadaye akawa anakuja na rola ya uzi, ukimwambia nimekata wavu kwa ajili ya kasa anakaa anakushonea mwenyewe huku wewe umelala. Huyo diko zima, yaani bandari yetu ya wavuvi, lilimpenda, akisema neno kuhusu kasa linasikilizwa kuliko la afisa. Mkaa Diko unamjua huyo.

Mkaa Diko

Namjua ila hataki sifa, tuishie hapo nahodha 😅

Nahodha na lile la kasa aliyezimia hebu waeleze, watu wengi hawalijui.

Nahodha wa Kilindoni

Ndio. Kasa anapumua hewa kama sisi, akikaa kwenye wavu chini muda mrefu anazama. Ukimvuta amelegea usimtupe baharini ukidhani amekufa, na usimlaze chali. Mlaze kifudifudi, nyuma mnyanyue kidogo, weka kipande cha ubao au kamba iliyokunjwa chini yake, kama shubiri moja hivi, maji yatoke mapafuni. Mfunike kitambaa kibichi, usimfunike pua, mweke kivulini. Gusa jicho au mkia kwa upole uone kama anastuka. Wengine wanachukua saa nyingi, hata kutwa, halafu unaona kichwa kinanyanyuka anavuta pumzi kwa nguvu. Wanaozinduka ni wengi kuliko mnavyodhani.

Mama Dagaa

Mmewasahau wanawake kama kawaida yenu. Anayekwenda mwambani maji yakitoka kuchokora pweza ni nani? Anayekanyaga matumbawe ni nani? Ni sisi, na hakuna anayetuita kwenye mikutano yenu, mnawaita wenye mashua.

Kilichofanya kazi kwetu ni kufunga mwamba. Mnakubaliana kijiji kizima, sehemu fulani haiguswi miezi mitatu, mnaweka maboya, mnaweka walinzi kwa zamu, siku ya kufungua mnaingia wote. Pweza anakua haraka ajabu, miezi mitatu tu yule wa kiganja anakuwa wa kujaza ndoo. Haya mambo kwa ukanda wetu yalianzia Andavadoaka kule Madagaska mwaka 2004, wakaja watu wakajifunza, sasa yapo Pemba, Unguja, Mafia, Songosongo. Kule Zanzibar shirika la Mwambao wamesaidia vijiji vingi kwenye hili. Shida inakuja wiki ya mwisho, wezi wanatoka kijiji cha jirani usiku na tochi, nyie mmevumilia wao wanavuna. Voluntia akitaka kazi aje akae zamu hiyo ya wiki ya mwisho tuone.

Na zile usafi wa fukwe zenu. Jumamosi ya tatu ya Septemba kila mwaka mnatokea na glavu na spika, mnaokota, mnapiga picha na viroba, halafu viroba mnaviacha pale pale juu ya ufukwe, bamvua likija linarudisha zote baharini. Nimeliona kwa macho yangu. Kabla hujaokota taka ya kwanza jibu swali moja, gari la kubebea lipo?

Msee wa Kilifi

Mama umepiga hapo 👏 Sisi huku kabla ya siku yenyewe tunatafuta kwanza mtu wa kununua chupa na plastiki ngumu, na viatu. Ndala ndiyo usiseme, zinaletwa na kaskazi na kusi kutoka mbali huko. Lamu mafundi walijenga dau zima kwa plastiki na ndala kama 30,000, Flipflopi, ilishushwa majini 2018 na mwanzo wa 2019 ikasafiri Lamu mpaka Zanzibar. Watu walidhani ni mchezo lakini ni mafundi wale wale wa majahazi, shoka zile zile.

Mifuko imepungua si uongo, Kenya tulipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019, Zanzibar walitutangulia wote toka 2006. Sasa imebaki chupa, kamba, nyavu zilizotupwa. Wavu uliokatika unaendelea kuvua peke yake huko chini miaka.

Mzee wa Hoja

Nimeridhika na nahodha na Mama Dagaa. Mkaa Diko ile hoja ya mlinzi na nyumba ni dhaifu lakini nimeelewa.

Ila kuna hoja moja hamjaigusa. Hizi hifadhi. Hifadhi ya Bahari Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini, ndani yake kuna vijiji. Watu waliambiwa pale msivue, nyavu hizi haramu, leteni tuzichome. Mbadala ulikuja? Mnataka voluntia aje asaidie kulinda kitu ambacho mwenyeji anaona amenyang'anywa.

Nahodha wa Kilindoni

Mzee hapo umesema kweli tena kweli nusu. Juya na kokoro zinaburuza chini zinabeba mpaka mayai ya samaki na nyasi zote, hizo ziondoke tu, sisi wenyewe wavuvi tulizilalamikia. Na mabomu je? Nyie wa mjini hamjui, miaka ile unakaa nyumbani asubuhi unasikia mlio, unajua mwamba mwingine umekwenda. Samaki wengi wanazama chini hata hawaokotwi, matumbawe yanabaki kokoto. Kuanzia 2017 hivi walipokaza yamepungua sana, na sio askari peke yao, ni sisi tuliokuwa tunapiga simu kutaja, na kutaja mtu wa kijijini kwako sio mchezo, unaweza kuchomewa chombo.

Ila kuchoma wavu wa mtu bila kumpa mwingine, hapo nipo na wewe.

Ami wa Muscat

Nasoma kimya kimya toka huku Omani. Ras al Jinz kule Sharqiyah kasa wanapanda karibu kila usiku, na huwezi kwenda peke yako, unaingia na kundi na mwongozaji, taa zao, simu chini. Wakati wa utoto wangu Unguja tulikuwa tunampanda kasa mgongoni ufukweni, Mungu atusamehe. Nauliza, mtu aliye mbali anaweza kusaidia nini zaidi ya kutuma hela?

Bint Chakechake

Ami tuma hela tu usione tabu 😂 Lakini kweli, tuma kwa kamati ya uvuvi ya shehia yenu unayoijua, mafuta ya boti ya doria ndiyo yanayokwamisha kila kitu. Vyenginevyo, tafuta mtu wa kutengeneza tangazo la redio kwa Kipemba kuhusu ile sumu, video fupi, sauti ya wasapu ya nusu dakika. Hilo waweza kulifanya ukiwa huko huko.

Graduate Mtaani

Jamani mimi nimeshapata picha, sasa naomba hatua. Naanzia wapi? Na niseme tu wazi mimi mtu wa Dodoma sijui kuogelea hata kidogo.

Mkaa Diko

Dogo, Dodoma sio kosa. Kazi nyingi ni nchi kavu, mchangani na kwenye daftari.

Usiende ufukweni peke yako kuchimba viota, kisheria kasa na mayai yake hawaguswi bila kibali, bara na visiwani na Kenya pia, utakamatwa na utakuwa umestahili. Anza na kikundi ambacho tayari kipo. Bara madiko mengi yana BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi), Zanzibar kuna kamati za uvuvi za shehia, nenda kwa mwenyekiti jitambulishe, pitia kwanza serikali ya kijiji, peleka barua ya mtendaji wa kwenu. Wewe una digrii, kitu wanachokosa wengi ni mtu wa kuingiza daftari za miaka kwenye kompyuta. Nimeona daftari za viota za kijiji kimoja zimeliwa na mchwa, kazi ya miaka yote ile, na kila mfadhili akija anaomba takwimu.

Ukitaka mikoko, kabla hujapanda uliza wenyeji mti gani unakaa wapi. Mchu hauwi mkandaa, zote ni mikoko lakini kila mmoja na mahali pake. Kila mwaka kuna watu wanakuja na miche elfu kumi wanapanda aina moja kwenye tope tupu ambalo mikoko haijawahi kuota, inakufa yote. Kajifunzeni Gazi kusini mwa Kenya, wale wa Mikoko Pamoja, hekta 117, tangu 2013 wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na hela inaleta maji na vifaa vya shule, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kulinda mikoko iliyopo isikatwe.

Mama Dagaa

Na ukifika kijijini vaa vizuri, salimia wazee, usianze kupiga picha watoto wa watu.

Graduate Mtaani

Nimepokea mama. Shikamoo zangu zote kwenu wakubwa. Nahodha naweza kuja Kilindoni nianzie kwako kabla sijaenda kwenye kikundi?

Nahodha wa Kilindoni

Njoo. Boti inatoka Nyamisati, usije bamvua la kusi limechachamaa utatapika mpaka nyongo. Kulala tutakusitiri, chakula tutakula wote tulichonacho. Kuogelea nitakufundisha mimi mwenyewe, maji ya kifuani kwanza. Beba neti yako, na ukipita Kariakoo niletee rola mbili za uzi namba 9, huku wanauza bei ya kuua mtu, hela nitakurudishia.

Graduate Mtaani

Nahodha namba 9 ipo nyeupe na kijani, ipi?

Nahodha wa Kilindoni

Kijani.